Shajara ya mradi: Mwangwi na skafu isiyokuwa na kazi

Siku ya 1

Haya tumeanza. Mimi na mshkaji wangu tunatengeneza gemu ndogo, yeye anaandika kodi mimi nachora, muziki tutajua mbele ya safari. Hadithi ni ya binti anayezunguka kwenye nyumba ambazo watu wamehama, anakusanya sauti zilizobaki humo ndani, mlango ulivyokuwa unalia, mtu alivyokuwa anakohoa chumba cha pili, anazitia kwenye vichupa afu anawatafuta wenyewe anawarudishia. Jina lake Mwangwi. Jina lilikuja kabla ya sura, na jina likishakuwa zuri unajiona kama umemaliza kazi wakati hata penseli hujaishika.

Leo nimechora vichwa 12 na mwili mzima mara nne. Yule wa nne nimempenda mpaka nimemtia rangi usiku huuhuu, nywele nyingi zimesimama zimelalia upande mmoja, hedifoni kubwa masikioni (si anakusanya sauti), skafu ndefu nyekundu inapepea nyuma, koti la mikono mipana, macho makubwaa. Nikamwangalia nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikalala na furaha.

Siku ya 3

Nimemtumia mshkaji. Sijaandika hata neno moja la maelezo, akajibu kwa kutaja jina. Na sio Mwangwi, kataja mhusika wa gemu nyingine inayojulikana kila kona, afu akaongeza "kaka huyu si ndo yeye, umemvisha hedifoni tu".

Nilikasirika. Nikamwandikia aya tatu nzima za kujitetea, kwamba skafu sio mali ya mtu, kwamba hakuna aliyesajili nywele, kwamba kila kitu duniani kimeshachorwa sasa yeye anataka nichore nini. Akajibu "sawa". Wanaomjua wanajua sawa yake inavyouma.

Baadaye hasira ziliposhuka nikafanya ule mtihani wa wachoraji, unazima leya (tabaka za mchoro kwenye kompyuta) zote za rangi, mhusika mzima unammwagia weusi anabaki kivuli, afu unampa mtu ambaye hajamwona aseme anaona nini. Nikampa mdogo wangu ambaye hachezi gemu hata za kwenye simu. Akaangalia, akageuza simu, akasema "simjui ila nimeshamwona mahali."

Bora angesema mbaya.

Siku ya 4

Leo sijachora. Nimefungua folda ya picha za rejea nikazihesabu, jambo ambalo nilitakiwa nilifanye kabla ya siku ya kwanza. Picha 61. Za gemu na manga (katuni za Kijapani) 44. Kati ya hizo 44, tisa ni za mchoraji mmoja yuleyule. Picha za watu wa kweli zilikuwa tatu na zote ni za nywele. Picha ya nyumba iliyohamwa, sifuri. Picha ya mtu anayesikiliza kitu, sifuri. Gemu nzima ni ya kusikiliza jamani.

Mi nilidhani nina vyanzo vingi kwa sababu nina picha nyingi. Kumbe ni chanzo kimoja kimevaa nguo 44. Wale wote walikuwa wanaangaliana wao kwa wao, mimi nimekuja nikakaa mwisho wa foleni nachukua kilichopita kwenye mikono ya watu wote walio mbele yangu.

Siku ya 5

Nimemvua Mwangwi kitu kimoja kimoja nikawa nauliza kila kitu, wewe hapa kazi yako nini. Inachekesha lakini imenisaidia kuliko video zote za mafunzo nilizowahi kuangalia.

Nimeanza na skafu. Kwenye gemu za kukimbia skafu ina kazi kweli, mhusika ni mdogo kwenye skrini, miguu inaenda mbio hadi jicho haliioni vizuri, sasa kile kitambaa kinachovutika nyuma ndo kinakwambia huyu anaelekea wapi, anaenda kasi kiasi gani, ameruka au anashuka. Ni mkia wa kusomea mwendo. Yule wa kwanza kuiweka alikuwa anatatua tatizo lake. Mwangwi hakimbii. Anaingia chumbani polepole, anasimama, anasikiliza, anatoka. Nilikuwa nimechora skafu inayopepea ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Nilipomwambia mshkaji alicheka mpaka nikasikia kiti chake kinalia.

Hedifoni nayo, kifaa cha kuziba sauti za nje nimempa mtu ambaye kazi yake ni kusikia sauti za nje. Sina la kusema.

Ndo nikakumbuka habari ya Mario, yule mhusika wa gemu za Nintendo. Watu wengi wanajua zile sharubu zake zilitoka wapi, 1981 mbunifu wake Shigeru Miyamoto alikuwa na vipikseli (vile vidoti vya skrini) vichache mno vya kumchorea mtu, mdomo hautoshi, akaweka sharubu pua ionekane imeachana na kidevu, nywele ni ngumu kuzichora akaweka kofia, mikono haionekani ikitembea mbele ya mwili akamvisha ovaroli la rangi tofauti na mikono. Hakuna hata kimoja kilichowekwa "ili apendeze". Na gemu yenyewe, Donkey Kong, ilivyoanza ni kwamba Nintendo walitaka kumtumia Popeye, yule baharia wa katuni, hawakupata ruhusa, wakabaki na umbo la hadithi tu, jamaa mmoja, mwanamke mmoja, na pandikizi la kiumbe linalomchukua, wakajaza watu wao. Kwa hiyo hata huyu tunayemwona wa asili kabisa alianza akiwa kiraka kwenye tundu la mtu mwingine, ila kiraka kilishonwa kwa shida zake mwenyewe.

Ukija leo ukamwekea mhusika wako wa pikseli 200 sharubu na ovaroli, umechukua jibu la mtihani wa mwaka mwingine.

Siku ya 6

Leo mbaya. Nilikuwa nakagua koti, ile mikono mipana naipenda sana nilitaka kuibakisha. Nikakuza picha. Begani kuna mistari mitatu ya mshono imelala upande, miwili mirefu mmoja mfupi. Nikajiuliza hii niliiwekea nini. Nikarudi kwenye zile picha tisa za yule mchoraji mmoja. Kila koti analochora, begani, mistari mitatu, miwili mirefu mmoja mfupi. Ni kama sahihi yake. Nilikuwa nimechora sahihi ya mtu bila kujua, mkono wangu uliikariri kwa sababu nimemwangalia miaka miwili.

Afu nikaangalia mkono wa kushoto wa Mwangwi, ule ulioshika kichupa. Nikauweka juu ya picha yake mojawapo, leya nikaififisha. Vidole vimelaliana. Sasa hapo siwezi kusema mkono umekariri wenyewe, nakumbuka vizuri kabisa ile usiku nilichoka, vidole vinanishinda, "nikaangalia kidogo". Kuangalia kidogo kumbe ilikuwa kutresi, yaani kufuata mistari ya mwenzio ilivyo.

Nimefuta vyote viwili, na faili la zamani nimelifuta lisije likanishawishi.

Mshkaji aliniuliza tofauti iko wapi, kama skafu ya kila mtu ni sawa kuichukua kwa nini mishono mitatu iniume hivi. Nilimjibu kwamba kisheria wazo halilindwi, kinacholindwa ni namna lilivyochorwa, mtu yeyote anaweza kumchora binti mwenye koti pana ila huwezi kuchukua koti lile lenyewe. Lakini kusema kweli sio sheria iliyoniuma. Kitu kilichotumiwa na watu elfu moja ni kama neno la lugha, unalitumia na hakuna anayekuuliza ulilitoa wapi. Kitu anachokifanya mtu mmoja tu, tena mtu asiye na jina kubwa, ukikichukua wewe unamfanya yeye aonekane ndo amekuiga. Na yule jamaa wafuasi wake hawajai hata basi moja.

Siku ya 9

Hii ndo siku nzuri ya mradi mpaka sasa na nitaandika ndefu mnivumilie.

Niliamua nisiangalie gemu wala manga yoyote kwa siku tatu. Nitafute watu na vitu ambavyo kazi yao ni kusikiliza. Cha kwanza nilichokutana nacho ni daktari Mfaransa, René Laennec, 1816. Amekuja mgonjwa msichana, daktari anatakiwa asikilize moyo, na zamani walikuwa wanalaza sikio moja kwa moja kifuani, akaona haya. Akachukua karatasi akazikunja zikawa bomba, upande mmoja kifuani kwa mgonjwa upande mwingine sikioni kwake, akasikia moyo vizuri kuliko alivyozoea. Baadaye akachonga la mti. Hapo ndo kilipozaliwa kile kifaa wanachovaa madaktari shingoni. Kilianza kwa karatasi na aibu!

Cha pili, kabla ya rada, majeshi yalikuwa na mitambo ya kusikilizia ndege za adui, makoni makubwa kama tarumbeta yameelekezwa angani na mtu amekaa nyuma yake mirija imeingia masikioni. Na kule Denge, pwani ya Kent, Uingereza, kuna vioo vya sauti vya zege vilivyojengwa kati ya 1928 na 1930, masahani makubwa mawili na ukuta mmoja uliopinda wenye urefu wa kama mita 60, vinatazama bahari. Rada ilipokuja vikakosa kazi, vipo mpaka leo vimesimama tu. Nilikaa naangalia picha zake muda mrefu sana. Sikio kubwa la zege limeachwa ufukweni halina cha kusikiliza. Hiyo ni gemu yetu yenyewe.

Sasa badala ya kuchora nikafanya kitu cha kijinga, nikachukua karatasi ya kuchorea nikaikunja bomba kama Laennec nikaenda ukutani. Nikamwita mdogo wangu anipige picha. Jaribuni muone mwili unafanya nini wenyewe. Mgongo unainama. Sikio likigusa karatasi shingo inalala, macho hayajui yaangalie wapi yanajifunga. Mkono mmoja unashika bomba kwa vidole vitatu tu, kwa adabu, kama unashika yai, mwingine unaenda wenyewe kuziba sikio la pili. Uzito wote unahamia mguu mmoja na ule mwingine unabaki umegusa chini kwa ncha. Mdomo unafunguka kidogo. Na unaacha kupumua, hiyo sikuitegemea, unajikuta umebana pumzi.

Mdogo wangu akasema "unaonekana kama mmbea." Nikamwambia piga tu.

(Nilisikia mtu wa upande wa pili anakohoa. Nikaruka.)

Nimechora michoro 20 kutoka kwenye zile picha bila kumwekea nywele wala nguo, mwili tu na bomba. Kila mmoja kivuli chake unakielewa. Yaani wiki nzima nilikuwa natafuta kivuli kwenye nguo na nywele kumbe kiko kwenye mgongo.

Siku ya 10

Nimempa bomba refu la karatasi nene, limefungwa kwa uzi, analibeba mgongoni kwa mkanda likitoka juu ya bega. Mdomo wa bomba nimeupanua kidogo kama zile tarumbeta za kusikilizia ndege. Nywele nimezikata fupi upande wa sikio analotumia, upande mwingine zimeachwa. Sio staili, ni kwamba zingekuwa zinaingia kwenye bomba. Kwa hiyo amebaki na nywele za upande mmoja kama siku ya kwanza! Kitu kilekile kimerudi ila safari hii ukiniuliza nina jibu.

Siku ya 12

Macho. Mshkaji kasema mwili sasa ni wetu lakini uso bado ni wa mtaa mzima. Kweli. Yale macho makubwa yenye nyota mbili za mwanga mkono wangu unayachora hata nikiwa naongea na simu.

Nikataka kujua yalitoka wapi. Osamu Tezuka, mchoraji wa manga wa Kijapani aliyeanza kumchora Atom (yule roboti mtoto, Astro Boy) 1951, mwenyewe hakuficha kwamba alikuwa anapenda sana katuni za Kimarekani, za Disney na za akina Fleischer waliomtengeneza Betty Boop. Macho makubwa yakatoka Marekani yakaenda Japani, Japani wakayafanyia kazi yao, wakayatumia kuonyesha moyo wa mtu ndani ya fremu ndogo isiyo na sauti, yakazunguka dunia nzima yakaja yakaingia kwenye mkono wangu mimi ambaye sikuwahi kuuliza. Sasa ukisema manga ina macho "yake" na katuni za Marekani zina macho "yao" mi sijui unakata wapi. Siwalaumu wanaoyatumia. Nauliza tu Mwangwi anayatumia kufanya nini.

Na jibu lilikuwa kwenye picha alizonipiga mdogo wangu. Macho yamefungwa. Mtu anayesikiliza kwa makini anafunga macho. Kwa hiyo Mwangwi muda mwingi wa gemu macho yake ni mistari miwili. Nikamtumia mshkaji saa sita usiku, akajibu "umechanganyikiwa" afu dakika kumi baadaye "ila ni nzuri".

Siku ya 13

Ncha ya kalamu ya tableti imekwisha. Hakuna kilichofanyika. Nimepanga mafaili.

Siku ya 16

Matatizo ya macho yaliyofungwa yamefika kama mshkaji alivyotabiri. Mchezaji hajui anafurahi, anaogopa au amesinzia. Jaribio la kwanza alionekana amelala wima. Jaribio la pili nilizidisha nyusi akawa kama mtu anayeumwa jino. Nimebakiwa na vitu vitatu vya kuongelea: nyusi, mdomo na vile vidole vitatu vilivyoshika bomba. Vidole ndo vimeniokoa. Akisikia sauti nzuri kidole cha shahada kinainuka kidogo, akiogopa vyote vinabana mpaka karatasi inakunjika. Ni pikseli nne au tano tu zinazobadilika lakini unaiona.

Shida nyingine ikaja hapohapo, mikono inapotea mbele ya koti jeusi. Nikakumbuka zile glovu nyeupe za katuni za zamani, Mickey Mouse alipoanza 1928 hakuwa nazo, alivishwa 1929, mkono mweusi ukipita mbele ya mwili mweusi kwenye filamu isiyo na rangi hauonekani. Tatizo langu ni lilelile, karibu miaka 100 baadaye. Nikiweka glovu nyeupe nitakuwa nimemchora Mickey aliyehama nyumba. Nikaangalia tena picha zangu za ukutani, kumbe nilikuwa nimekunja mikono ya shati, mtu akitaka kushika kitu kwa makini anakunja mikono. Basi nikamkunja Mwangwi mikono ya koti, bitana lake la ndani nikalipa rangi ya maziwa, sasa mwisho wa kila mkono kuna pete nyeupe na vidole vinaonekana. Na ile mikono mipana niliyoipenda imepata sababu ya kuwepo. Hakuna atakayejua kwamba hapo nimekopa kwa Mickey na mi sioni haja ya kuficha.

Siku ya 19

Mtihani wa kivuli, mara ya pili. Watu sita safari hii, watano kati yao hawajui mradi. Nimewapa kivuli cheusi amesimama na cheusi anasikiliza.

Watatu walisema "anasikiliza ukutani". Mmoja kasema ni mwizi, sawa, tutaishi na hilo. Mmoja alimtaja mhusika ambaye mimi simjui kabisa, nikaenda kumtafuta, ana bomba mgongoni kweli, ni la kurushia mabomu. Siku ya 3 ningeandika aya tatu. Leo nimeangalia dakika moja nikafunga, tumekutana njiani na kila mtu na safari yake.

Wa sita ni mdogo wangu yuleyule, nilimrudia makusudi ingawa alishahusika kwenye zile picha kwa hiyo hahesabiki. Akasema "huyu daktari wa nyumba."

Mshkaji ameichukua hiyo akaondoka nayo. Tangu jana anabadilisha maongezi, sasa Mwangwi akiingia kwenye nyumba hasemi anakusanya, anasema amekuja kuiangalia hali. Anaigusa ukuta, anauliza "unaumwa wapi". Mimi nilitoa bomba kwa daktari kwa ajili ya mgongo tu, sikufikiria udaktari utakuja nao.

Siku ya 22

Faili la mwisho ni la 17. Nimemaliza kutembea, kusimama, kuinama, kusikiliza, kufungua macho. Macho anafungua mara moja tu kwenye gemu nzima na sisemi wapi. Yamebaki makubwa, nilijaribu kuyapunguza nikaona najilazimisha. Kwa sekunde mbili atakuwa wa ukoo wa Tezuka na mimi nimeridhika.

Kimebaki kitu kimoja. Wakati nasafisha leya nimekuta ile skafu nyekundu, nilifuta faili lakini kipande nilikuwa nimekihifadhi kando siku ya kwanza kwa mapenzi. Nilitaka kuifuta. Mshkaji akasema usifute, tuna vyumba 14 na cha tisa hakina kitu.

Kwa hiyo chumba cha tisa, nyuma ya mlango, kuna msumari na skafu nyekundu imening'inia imetulia tuli. Nimeichora upya mwenyewe bila kuangalia popote, kitambaa kizito kimejikunja chini. Mshkaji anaiwekea sauti, ukiweka bomba pale unasikia upepo na mtu anakimbia, mbali sana.